Naomba ushauri: baba ajiunge na darasa la kuandika maisha yake?

Ndugu zangu, habari za jioni. Baba yangu ana miaka 76, ni mstaafu wa reli, nasi tunaishi naye hapa Dodoma. Tangu mama afariki mwaka juzi, yeye ambaye usiku ulikuwa haumtoshi kwa simulizi za safari za Tabora na Kigoma anashinda barazani kimya. Kanisani wanaanzisha darasa la wazee la kuandika maisha yao. Dada anaamini litamchangamsha. Kaka anahofia litamtonesha kidonda. Baba mwenyewe anasema mkono wake unatetemeka. Mnanishauri nini?

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa
Mfikishie mzee salamu zangu. Nimeongoza kikundi cha namna hiyo kwa kufuata utaratibu wa James Birren, mwanasaikolojia wa Marekani: kila wiki mada moja, kama vile njia panda za maisha, familia au fedha, ambayo kila mmoja huiandikia kurasa 2 nyumbani na kuwasomea wenzake wachache. Faida kubwa niliyoiona imo katika huko kusomeana. Mzee mmoja alisoma jinsi walivyoacha tembe lao na makaburi ya wazazi wakati wa Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, iliyoanza mwaka 1971, na kabla hajamaliza, wenzake wawili walikuwa wakimtajia walikohamishwa wao. Hakukosa kipindi tena.

Muuguzi
Hofu ya kaka yako ina msingi. Daktari Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kuyapitia maisha yake ni jambo la kawaida, wala si dalili ya kuchanganyikiwa, ila alikiri kwamba wengine huingia katika huzuni nzito. Kwa hiyo asianze na msiba, na asilazimishwe kusoma asichotaka. Akikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili, mpelekeni hospitali, kwa sababu darasa si tiba.

Mjukuu, Kondoa
Kuhusu mkono, bibi yangu alisimulia, nikamrekodi kwa simu, nikaandika, kisha nikamsomea asahihishe. Alinikataza kabisa kuondoa maneno yake ya Kirangi, na nashukuru nilimtii.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimemsomea baba majibu yote. Amenyamaza kitambo, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuanzia stesheni ya Saranda, alikokutana na mama.