Kuvua kwa starehe Lamu na Malindi: tupeane uzoefu

Mshipi Mrefu: Salaam wakuu. Desemba ndiyo hiyo yaja na watu wa bara washaanza kuulizia boti. Hoteli imelipwa, tiketi ipo, ila upepo na maji hakuna aliyeuliza. Kila mwenye kisa amwage hapa.

Naanza mimi. Lamu naenda kwa mwezi wa angani. Likizo ya kazini huufuata huo mwezi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa mbele ya kijiji cha Shela ni mkali, chubwi (kile kizito cha mshipi) haigusi chini na mshipi unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Nangoja maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kuanzia tarehe 7 au 22 za mwezi wa Kiislamu. Chambo changu ni ngisi aliyekatwa vipande vyembamba. Samaki changu hudonoa kwanza, usivute kwa pupa. Tewa yeye humeza na kukimbilia mwambani, ukizubaa umekwisha. Na funga kidole kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, uzi hukata nyama.

Kaskazi Njema: Hiyo ni Lamu bwana. Sisi Malindi tunarambaza: boti inatembea, chambo kinaburutwa nyuma, macho kwenye maji. Sulisuli, wale samaki wenye domo refu, wanatafutwa kuanzia Novemba kaskazi, upepo wa kaskazini, inaposhika. Mto Sabaki ukileta matope ya mvua za bara, nahodha anayejua kazi hufuata ule mstari ambapo maji ya udongo yanakutana na ya buluu. Sulisuli akifika ubavuni mwa boti, mistari ya mwilini inawaka buluu hadi unasahau kupiga picha. Baharia anamshika domo kwa glavu, anachomekwa alama ndogo, anaachiwa. Anayetaka kumla aende sokoni akanunue nguru.

Shemeji wa Nakuru: Hapo kwenye kula ndipo penye kesi! Tulikodi boti, ndugu yangu akapata jodari wa haja, akaanza kuulizia gunia. Nahodha akamwambia kwa upole, "Kaka, samaki ni wa boti." Kimya hadi ufukweni. Baadaye tukapewa kipande, lakini sura zilikuwa zishakunjana. Boti nyingi za kitalii ndio utaratibu wao. Yaulizwe kabla ya kutoa arbuni: samaki wa nani, mafuta ya nani, chambo na chakula vimo au havimo?

Mama Wawili: Wenye watoto chukueni dau Lamu, safari ya nusu siku inatosha. Wangu walivua upande wa kisiwa cha Manda. Samaki kikande aliwaibia chambo mpaka mdogo akaanza kumtukana, nahodha akacheka nusura aangukie maji. Changu wachache waliopatikana tulichoma pale pale mchangani, chumvi na ndimu tu. Kofia na maji ya kunywa beba mwenyewe.

Pwani Damu: Nyongeza fupi. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi (Marine Park) hakuvuliwi, ni marufuku, na hifadhi hiyo ipo tangu 1968. Anayekuambia "tutaiba kidogo" mkimbie, KWS, wale askari wa wanyamapori, wakija mashua ni yake lakini aibu ni yenu wote.

Mgeni wa Bara: Asanteni sana. Na mimi tumbo langu na mawimbi haviivani, nifanyeje? Halafu likizo yangu ni Juni, sina namna.

Kaskazi Njema: Usiku wa kuamkia safari usile biriani. Asubuhi mkate mkavu na chai ya tangawizi, kaa nyuma ya boti, tazama mbali. Moshi wa injini uepuke. Juni lakini ni kusi, upepo wa kusini, nje ya mwamba bahari imechafuka na boti nyingi huku ziko juu zinapakwa rangi.

Mshipi Mrefu: Juni njoo Lamu, uvue ndani ya mkondo nyuma ya Manda, kisiwa kinakukinga. Nitajie tarehe zako nikutazamie mwezi.