Kutafuta pampu za dripu wodini: RFID, Bluetooth, WiFi au UWB?

FundiWaWodi
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi sanifu vifaa tiba, hospitali ya ghorofa tatu, wodi kumi na moja. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kutafuta vitu, si kuvitengeneza. Wodi ya wazazi wameazima pampu ya dripu upasuaji, upasuaji nao waliichukua kwa watoto, na daftari la kuazimana halijazwi. Wiki iliyopita nilizunguka saa mbili nikitafuta pampu moja. Ilikuwa stoo ya mashuka, nyuma ya mlango.

GPS haisaidii, maana ishara yake inatoka kilomita 20,000 juu na ikikutana na zege imekwisha. Nataka kufunga kitu cha redio kwenye vifaa kama 60. Nianze na kipi?

Antena_Moja
Mkuu, chukua RFID, yaani lebo ndogo zinazosomwa kwa redio. Lebo haina betri kabisa, inaamshwa na wimbi la kisomaji chenyewe. Ghalani kwetu napita na kisomaji mkononi, katoni zote za rafu zinahesabika kabla sijafika mwisho wa njia. Weka visomaji kwenye milango ya wodi, kila pampu ikipita inaandikwa. Kabla ya kuagiza uliza TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kuhusu masafa, kwa sababu vifaa vya Ulaya viko 865–868 MHz na vya Marekani 902–928.

Mawimbi
Antena_Moja, ghalani nakubaliana nawe. Wodini naogopa, na sababu ninayo. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam walichapisha majaribio ya RFID karibu na vifaa 41 vya wagonjwa mahututi, zikiwemo pampu za dripu na mashine za kupumulia. Hapakuwa na mgonjwa chumbani. Katika majaribio 123, vifaa viliyumba mara 34, na mara 22 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa za hatari. Mfumo wa 868 MHz wenye lebo zisizo na betri ndio uliosumbua zaidi, kwa kuwa kisomaji chake kinatoa nguvu kubwa ili kuiamsha lebo. Vifaa vimebadilika tangu wakati huo, lakini mimi nisingefunga kisomaji mlangoni pa mahututi kabla ya kukipima na kila aina ya mashine iliyomo.

Halafu kuna maji na chuma. Lebo ya kawaida ukiibandika juu ya chuma inanyamaza, lazima ununue zile maalum za kubandikwa juu ya chuma, ambazo ni nene na bei yake iko juu. Maji nayo yanameza wimbi, na pampu ya dripu inaning'inia pembeni ya mfuko wa maji!

Antena_Moja
Hilo la Amsterdam sikulijua. Asante, mkuu. Basi abaki na kisomaji cha mkononi kwa kuhesabu stoo tu, mbali na vitanda.

KijanaWaKodi
Fundi, tumia bikoni za Bluetooth, vile vitoa ishara vidogo vya kubandika. Kila moja inarusha jina lake kila sekunde moja au mbili, betri ni ile ya duara ya CR2032 kama ya rimoti ya gari, inakaa mwaka au zaidi. Kila wodi unaweka kibao kidogo cha ESP32, kikompyuta chenye Bluetooth na WiFi, kwenye chaja ya simu, kinasikiliza na kutuma kwa WiFi. Ukijua nguvu ya ishara unapiga hesabu ya umbali, unachora pampu ilipo kwenye ramani.

MzeeMitambo
Kijana, hapo kwenye umbali ndipo tulipoumia wengi. Mahali pa wazi, kila desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya ishara) zikipungua hesabu inasema umbali umeongezeka mara mbili. Sasa muuguzi akisimama kati ya bikoni na kipokezi, mwili wake peke yake unazimeza hizo 6 na kupita. Pampu haijasogea, ramani inakuambia imehama.

Njia ya kurekodi ishara za WiFi kila kona na kuzilinganisha baadaye nayo ni ya siku nyingi. Microsoft waliionyesha mwaka 2000 katika mfumo wao wa RADAR, wakapata usahihi wa mita 2 hadi 3. Niliwahi kuifanya mwenyewe kwenye jengo la ofisi, siku nne za kutembea na kompyuta mkononi. Makabati ya chuma yalipohamishwa, rekodi yote ikawa haina thamani. Wodini vitanda vinahama kila siku.

KijanaWaKodi
Shikamoo mzee. Je, UWB, ile redio ya masafa mapana sana? Baadhi ya simu za siku hizi zinayo, usahihi ni sentimita kumi na kitu.

MzeeMitambo
Marahaba. UWB ni nzuri kweli, kwa sababu haipimi nguvu, inapima muda. Wimbi linakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na mapigo yake ni mafupi kiasi kwamba linalofika moja kwa moja linatofautishwa na lile lililogonga ukuta. Lakini kila chumba kinataka vituo vitatu au zaidi, vimepimwa mahali vilipo. Fundi hajauliza pampu iko sentimita ngapi kutoka dirishani. Ameuliza iko wodi gani. Akijua wodi, macho yatamaliza kazi.

Kwa hiyo Bluetooth, bila hesabu ya umbali. Uliza tu kipokezi kipi kinaisikia kwa nguvu zaidi, chukua thamani ya kati ya nusu dakika, na usibadilishe wodi mpaka jibu jipya lidumu dakika mbili. Tatizo litakalobaki ni ghorofa: pampu iliyo chini ya kipokezi cha juu inaweza kusikika huko kuliko kwake. Usivipange vipokezi kwa mstari mmoja wa kwenda juu. Cha ghorofa ya kwanza kikiwa mashariki, cha pili kiweke magharibi.

BiMkunga
Kaka fundi, naomba niseme kutoka wodini. Tunafuta vifaa kwa dawa ya klorini kila zamu, hivyo kitu chenye mdomo wazi kitakufa mwezi wa kwanza. Na usitake muuguzi abonyeze chochote anapoazima. Usiku tuko wawili kwa vitanda thelathini.

FundiWaWodi
Nashukuru sana, dada, na wote. Naanza na bikoni nane zilizofungwa kabisa, wodi mbili, ya watoto na ya wazazi iliyo juu yake, nione hilo la ghorofa kwanza. Kila bikoni naijaribu karibu na pampu isiyo na mgonjwa. Betri nitabadilisha zote kwa pamoja siku ya ukaguzi wa mwaka, sisubiri moja moja ife.

BiMkunga
Vizuri. Majibu yaonekane kwenye skrini ya kaunta ya wauguzi, simu hatuna muda wa kufungua. Na hiyo stoo ya mashuka ipe kipokezi chake.