Pikapu ya dola 61,000, kitufe cha mlango wa bodi wamekiweka gotini mwa dereva! Nakihamisha, na anayesema "utazoea" asinisogelee

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuipooza, kwa sababu nimeipooza miezi minane na haijanisaidia kitu.

Mimi ni mpishi. Naishi Houston, Texas, na kazi yangu ni kupika shughuli za watu wetu: walima, maulidi, futari, misiba. Kila wikendi nabeba pilau, biriani, mchuzi na madeli ya juisi kutoka jikoni kwangu hadi ukumbini. Mwaka jana nikasema basi, vigari vidogo vimenichosha, nikachukua pikapu mpya, mlango wa bodi (ule wa nyuma wa kupakilia mizigo) wa umeme, unafunguka na kufungwa wenyewe. Nililipia mlango huo makusudi. Kampuni siitaji jina, wala duka lililoniuzia. Mwenye gari kama langu atalijua kwa maelezo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na walima upande wa Bissonnet. Mvua ya Houston mnaijua wenyewe, haipigi hodi. Masufuria mawili ya pilau yalishaingia kwenye bodi, mvua ikashuka, nikafunga mlango haraka yasilowe. Likabaki la tatu, kilo kumi za mchele na nyama yake, nimelifunga blanketi lisipoe. Huku sikio moja nimeshika mimi, huku sikio la pili kashika binti wa dada yangu. Tumefika nyuma ya gari, mlango umefungwa, na mikono yote minne iko kwenye sufuria.

Nifungueje? Kitufe kiko ndani, chini ya usukani upande wa kushoto, jirani na swichi ya taa, mahali ambapo goti la dereva linagusa. Rimoti iko mfukoni, chini ya aproni iliyolowa, na lazima uibonyeze mara mbili haraka. Kitufe cha tatu kiko kwenye mlango wenyewe, katikati kabisa juu ya kibao cha namba, kimejificha chini ya ukingo, unakitafuta kwa vidole ukiwa umekunja kiganja kuelekea juu. Jamani, na sufuria la moto nikunje kiganja gani?

Tulilitua chini. Kwenye lami, maji yanatiririka. Lilipokaa likainama upande, mfuniko ukateleza kiasi cha vidole viwili, na maji ya barabarani yenye rangi ya mafuta ya magari yakaingia. Niliyaona yakiingia. Wali wa juu ukabadilika rangi pale pale, ile kahawia nzuri ya pilau ikawa kama majivu. Sikuwa na la kufanya, chakula cha watu huwezi kuchota juu ukasema cha chini kizima. Kilo kumi nikazimwaga. Nilifika ukumbini na masufuria mawili badala ya matatu, nikamfuata mama wa bi harusi nikamwambia ukweli, na uso wake sitausahau. Alininyamazia tu. Hela ya sufuria la tatu nilimrudishia siku hiyo hiyo.

Sasa msinijibu kwamba ilikuwa mvua. Mvua nimepikia tangu nikiwa Tanga. Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya Datsun akibeba machungwa ya Muheza, mlango wake wa bodi una komeo kila pembe na minyororo miwili. Ukiwa na tenga kichwani unapiga komeo kwa kiwiko, la pili kwa goti, mlango unashuka, kazi imeisha. Hakuna mtu aliyehitaji kurudi kiti cha dereva kuomba ruhusa ya kushusha mzigo. Miaka yote hiyo baadaye, mlango una mota, una kamera, una taa, lakini mwenye mzigo mikononi ndiye mtu pekee asiyeweza kuufungua!

Na kufunga ni mateso mengine. Kitufe cha kufunga kiko ndani ya bodi, kwenye ukuta wa upande wa dereva. Mlango ukishalala umekaa mbele yako kama meza. Mimi urefu wangu ni futi 5 na inchi 1. Kukifikia inabidi niulalie mlango kwa tumbo, nguo za shughuli zote vumbi na mafuta, nikitoa mkono wa kushoto kama ninayevua samaki, halafu ukianza kupanda nirudi nyuma upesi usinibane. Nina bega bovu kwa sababu ya miaka ya kukoroga masufuria. Kila nikifunga, linanikumbusha.

Nilirudi dukani. Nilikwenda kwa adabu, nikaeleza, nikawaonyesha. Kijana wa huduma alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaniambia wateja wengi hawalalamiki, nitazoea. Nikamwuliza kama wana njia ya kukihamisha kitufe au kuongeza cha pili, hata kwa kulipa. Akasema hakuna, na nikimpa fundi wa nje akate waya mmoja tu, waranti ya gari zima imekufa. Akamalizia kwa kunionyesha kingazi cha kukunja cha dola 420. Yaani dawa ya kitufe kuwekwa pabaya ni mimi kununua ngazi.

Hilo la waranti nililiamini wiki nzima, na ndilo linalonichemsha zaidi kuliko pilau. Kwa sababu si kweli, na wengi wetu huku tunatishwa hivyo hivyo tunanyamaza. Marekani kuna sheria ya waranti ya Magnuson-Moss, ya mwaka 1975. Muuzaji hawezi kufuta waranti ya gari lako eti kwa kuwa umefunga kifaa kisicho chao. Akitaka kukataa tengenezo, anatakiwa aonyeshe kwamba kifaa hicho au ufungaji wake ndio ulioleta ubovu huo. Ukiongeza swichi ya mlango wa bodi na mlango ukaungua nyaya, hapo wana hoja, ubebe mzigo wako. Lakini gia boksi ikifa, swichi ya mlango inahusikaje? Mtu akikwambia "ukigusa imekufa yote", mwambie akuandikie kwenye karatasi na aweke sahihi. Mimi nilimwambia. Karatasi haikutoka mpaka leo.

Na wasituambie haiwezekani. Toyota walipoiunda upya Tundra kwa mwaka 2022, kitufe cha kufungulia walikiweka kwenye taa ya nyuma upande wa dereva, unakigonga kwa kiwiko ukiwa umebeba vitu. Kiwiko! Mtu mmoja tu katika mkutano mmoja alikumbuka kwamba anayefungua bodi huwa amebeba kitu. Mlango wa kupanda na kushuka kwa mota wenyewe si wa jana, Chevrolet Silverado ilikuwa nao tangu toleo la 2019. Muda wa kufikiri ulikuwepo. Waliounda langu walimfikiria mwanamume mrefu aliyesimama mikono mitupu kwenye sakafu kavu ya duka.

Basi nikampelekea fundi umeme mmoja, Mkongomani, Kiswahili chake cha Lubumbashi, mtu mwangalifu sana. Nawaandikia alichonieleza, maana kinaweza kumwokoa mtu.

Kitufe cha kwenye deshibodi hakibebi umeme wa mota hata kidogo. Kazi yake ni kupeleka ishara ndogo kwenye kontroli boksi ya gari, yaani kikompyuta chake, na hiyo boksi ndiyo inayoangalia kama gia iko P, ya kuegesha, ndipo inaamuru loki iachie na mota ishushe mlango. Ndiyo maana huhitaji waya nene wala rilei, ile swichi ya kupitishia umeme mkubwa. Unachukua swichi ya kubonyeza na kuachia, unaiunga sambamba na ile ya zamani, kwa hiyo cha zamani kinaendelea kufanya kazi na cha pili kinakaa unapotaka wewe.

Ila hapo pana mtego, na yule fundi aliushika kwa sababu alipima kwanza kabla hajakata chochote. Aliweka maltimita, kile kipimo cha umeme, kwenye nyaya mbili za kitufe, akabonyeza. Mimi nilitegemea isome karibu na sifuri, kama swichi yoyote. Ikasoma ohmu 470, yaani kuna kitu kinauzuia umeme kidogo. Akanionyesha kwa kidole: kwenye paneli ile vitufe kadhaa vinatumia waya mmoja wa ishara, na boksi inavitofautisha kwa ukinzani, kila kitufe na namba yake. Ungeunga swichi ya kawaida hapo, boksi ingesoma kitu kingine au ingewasha taa ya hitilafu. Kwa hiyo swichi mpya akaichomelea rezista, kile kipande cha kuzuia umeme, ya ohmu 470, tukapata ishara ile ile. Usichukue namba hii ukaipeleka kwenye gari lako, pima la kwako.

Jambo la pili ni maji. Huku nyuma ya gari ndiko maji yote yanakorushwa na tairi. Mnakumbuka Ford waliziita zirudi kutengenezwa pikapu zao za Super Duty za 2017 hadi 2019, zaidi ya 260,000, mwaka 2019, kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kwenye nyaya za mlango wa bodi, zinapiga shoti na mlango unafunguka wenyewe. Sasa fikiria masufuria yangu barabara kuu ya I-45 mlango ukajifungua. Kwa hiyo nilikataa swichi ya bei rahisi, nikachukua ya IP67, isiyoingia vumbi wala maji, viungio vyote vikafungwa na mipira ya kubana kwa joto yenye gundi ndani, na waya ukapitishwa kwenye bomba la plastiki juu ya chasisi, mbali na ekzosti. Tena nikaomba swichi ya kukata ndani ya gari. Nikiwa safarini, au nikivuta tela la jiko la kuchomea nyama, naizima, kitufe cha nyuma kinakuwa maiti. Bila hivyo mtoto yeyote kwenye maegesho angefungua bodi yangu, na mlango ungeshukia jeki ya tela.

Mahali tulipochagua ni pembe ya kushoto, chini ya ncha ya bampa, kimezamishwa ndani ya pete ya chuma ili kisigongwe na kitu kingine. Nilisimama pale na sufuria tupu mikononi, fundi akashika chaki, nikasogeza goti mpaka likagusa, akachora alama. Dakika tano. Dakika tano za kumwuliza mwenye gari anasimamaje! Kampuni nzima yenye wahandisi wake haikuzipata.

Swichi dola 14, waya, mipira na viungio dola 22, kazi ya mikono dola 90. Jumla dola 126. Ngazi yao ilikuwa 420.

Nawasemea na wengine hapa. Mama yangu mdogo anatembelea fimbo, mkono mmoja haupo huru daima. Kuna jamaa yetu anahamisha samani, alivunjika kidole mwaka juzi akihangaika na mlango kama huu huku kabati linamlemea. Kuna wanaofanya kazi na glovu nene. Wote hawa wamelipa bei ile ile, dola kwa dola, na wote wanaambiwa watazoea.

MREJESHO (Jumapili usiku): Kimefungwa na kinafanya kazi. Tumekimwagia maji ya mpira dakika ishirini, hakuna taa ya hitilafu, mlango haukujifungua. Leo nilikuwa na shughuli ya arubaini, nikafika nyuma ya gari na deli la barafu kifuani, nikasukuma goti, ukasikika mlio mmoja na mlango ukashuka taratibu. Binti wa dada yangu alipiga vigelegele barabarani.

Kitufe cha kufunga mlango bado. Kile kitufe cha ukutani kina waya tatu, na fundi alipopima aliona mojawapo inapeleka mawasiliano ya kidijitali, si kufunga na kufungua sakiti tu, akatoa mikono yake akasema hapo hagusi bila mchoro wa nyaya. Nimewaandikia kampuni barua pepe mbili kuomba mchoro huo wa gari nililolilipia mwenyewe. Ya kwanza walijibu na tangazo la vifaa vya ziada, ngazi ikiwemo. Ya pili haijajibiwa, leo siku ya kumi na moja. Mwenye pikapu yenye kitufe cha kufunga ndani ya ukuta wa bodi, cha waya tatu, na aliyefanikiwa kukisogeza mpaka ukingoni, aweke picha ya kiunganishi na rangi za nyaya. Ijumaa ninabeba futari ya watu 150 na bega langu ndilo hili hili.