Mmefuta sauti za wazee wetu, saa yao mkawauzia watu wa mikeka ya kubeti. Hii ni redio ya jamii ipi?

Wakuu, habari za muda huu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la burudani wala msiuunganishe na zile nyuzi za kusema watangazaji. Jina la kituo silitaji. Wana Tanga wanaosikiliza redio usiku watakijua wenyewe, na mimi nataka tujadili jambo lenyewe, tusije tukaishia kugombana juu ya fulani na fulani.

Mwezi uliopita nilikwenda na mama yangu kwenye kituo hicho kuomba nakala ya vipindi vitatu alivyorekodi babu yangu mwaka 2019. Babu amefariki. Tulikuwa tunakaribia hitma ya mwaka, ukoo unakuja kutoka Songea, na mama alitaka wajukuu ambao hawakumwona wamsikie. Tukaambiwa vipindi vyote vya wazee vimefutwa. Vyote. Kompyuta ilikuwa imejaa, wakahitaji nafasi ya muziki na matangazo.

Mama hakusema neno. Mimi ndiye niliyeuliza kama hakuna hata diski pembeni, hata simu ya mtangazaji wa zamani. Yule bwana akanijibu, "Dada yangu, sisi tunaendesha redio, hatuendeshi makumbusho." Tangu siku ile neno hilo halijanitoka kichwani, ndiyo maana naandika.

Kwa msiojua kipindi chenyewe. Kilikuwa kila Alhamisi, saa tatu hadi saa nne usiku. Nusu saa ya kwanza wazee wanazungumzia mji ulivyokuwa, nusu saa ya pili mwenyekiti wa mtaa au mtendaji au diwani anakalia kiti hicho hicho na kujibu simu za watu. Huku kwetu Makorora ikifika saa tatu ulikuwa unaweza kutoka msikitini ukatembea hadi nyumbani na usikose sentensi, kila baraza redio imefunguliwa. Wazee wa bao walikuwa wanaacha mchezo katikati.

Na walikuwa wanajua kubishana! Nakumbuka usiku walipogombania jina la mji. Mmoja anashikilia kuwa ni tanga la jahazi, mwenzake Mbondei anasema babu zake wakisema tanga walikuwa wanamaanisha shamba, na watu wa pwani ndio waliokuja baadaye na matanga yao. Simu zikapigwa hadi kipindi kikapitiliza. Usiku mwingine ilikuwa vita vya Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000, wengi wao wametolewa India, wakapanda kutokea Raskazone, na jeshi la Wajerumani lenye watu elfu moja na ushee, wengi wao askari Waafrika, likawarudisha baharini. Hayo yameandikwa. Ambayo hayajaandikwa ni aliyoyasema bibi mmoja wa Chumbageni, jinsi mama yake mzazi alivyobebwa mgongoni usiku kukimbizwa Pongwe, na waliporudi wakakuta nini ndani ya nyumba na nini hakipo. Nyuki walioshambulia askari siku ile kila mtu anawasimulia. Habari ya yule mtoto aliyebebwa mgongoni niliisikia mara moja tu, redioni, na sasa haipo popote.

Wengine mtasema historia haijazi tumbo. Basi nielezeni hili. Kwenye mtaa wetu masika ilikuwa ikiingia maji yanatuama kwenye nyumba sita, kila mwaka. Halmashauri inaleta kifusi, mwaka unaofuata maji yanarudi. Alhamisi moja mzee aliyekuwa fundi wa reli akaeleza redioni kwamba pale palikuwa na mkondo tangu yeye mtoto, akataja mwembe ulipokuwa na upande maji yalipokuwa yanatokea, na nani aliufukia ili ajenge. Mtendaji alikuwa amekaa mbele yake. Watu wakapiga simu mmoja baada ya mwingine kumuuliza utafukuliwa lini. Mtaro ulichimbwa kabla ya masika ya pili. Kumbukumbu ya mzee na kiti cha mtendaji vilikuwa kwenye chumba kimoja, saa moja, na watu wote wanasikia. Sijaona mkutano wa mtaa uliowahi kufanya kazi namna hiyo, maana mkutanoni wanaokuja ni wale wale ishirini.

Sasa nirudi kwa babu, na mnivumilie kidogo.

Babu alikuwa Mngoni. Alikuja Tanga mwaka 1952 kama manamba. Vijana wa sasa wanalitumia neno hilo kama tusi, hawajui lilikotoka. Ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikiandikisha vibarua, SILABU, ilikuwa inapeleka malori Songea, Njombe, Kigoma, hadi nje ya mipaka, na kijana akishaandikishwa anapewa namba. Ukiitwa, unaitwa kwa namba. Babu alisema redioni kwamba alikaa miezi mingi kambini, upande wa Muheza, kabla mnyapara hajamwita kwa jina. Akaeleza kipande, ile kadi iliyokuwa ikitiwa alama kila siku unapomaliza kazi, na mshahara hauji mpaka zitimie alama 30. Ukiugua, siku haihesabiki. Akaeleza namna ya kukata: miba ya ncha inavyotangulia kuondolewa, majani thelathini kwa tita, utomvu unavyowasha mikono hadi usiku, matita yanavyobebwa hadi kwenye reli ndogo, na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge kuwa singa, inavyonguruma tangu alfajiri. Alikuwa anaiga sauti ya korona kwa mdomo. Mtangazaji alicheka, babu akaendelea, na mtangazaji akanyamaza.

Kipindi cha tatu ndicho kilichomliza mama. Babu alitaja majina ya wenzake waliokufa kambini na kuzikwa pale pale, watu wa makwao mbali ambao ndugu zao hawakuwahi kupewa taarifa. Alitaja jina, na kijiji, na namba. Alikuwa anazikumbuka namba zao. Alisema, "Nawataja ili kama kuna wa kwao anasikia, ajue yuko wapi." Kumbukeni huyo ni mzee wa miaka 85. Wiki ile ile ilipigwa simu studio na mtu wa familia moja ambaye amemtambua mjomba wake.

Hicho ndicho kilichofutwa ili nyimbo zipate nafasi.

Mtoto wa shule yeyote Tanga atakwambia mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, kwamba miche iliyofika hai ni 62 na ikapandwa Kikogwe, Pangani. Tumekaririshwa idadi ya miche! Miaka ya sitini nchi hii ikaongoza dunia kwa singa za mkonge. Miche 62 ina kumbukumbu, na waliokata mkonge wenyewe, maelfu kwa maelfu, tulikuwa na sauti zao chache tu, kwenye kompyuta ya redio inayojiita ya jamii, na hata hizo hazikupewa nafasi.

Halafu hiyo hoja ya nafasi. Mimi si mtaalamu, lakini simu yangu inajua hesabu hii. Kipindi cha saa moja cha maongezi, ukikihifadhi kwa ubora wa kawaida, hakifiki MB 60. Alhamisi 52 za mwaka mzima zinachukua kama GB 3. Flashi ya GB 32, ile inayouzwa kila duka la simu barabara za Ngamiani, inaingiza zaidi ya saa 500 za wazee. Kipindi kilidumu miaka mitano hivi. Kingeenea chote kwenye flashi moja inayoingia mfuko wa shati, na nafasi ikabaki. Wangetangaza tu hewani kwamba wanakwama, nani angekataa kuchanga? Mtaa huu huu umechangia madawati na maji ya msikiti. Hawakuuliza. Mtu amekaa, ameweka alama kwenye mafaili, amebonyeza.

Na saa yenyewe ya Alhamisi imekwenda wapi? Sasa hivi saa tatu usiku kuna kipindi cha kubeti. Kijana anasoma mechi za wikiendi, anawaambia vijana wenzake timu za kuweka kwenye mkeka, na kila baada ya dakika chache linatajwa jina la kampuni iliyodhamini. Jumatatu saa ile ile ni mganga anayeuza dawa ya nguvu. Yale maswali kwa diwani yamehamishiwa asubuhi, dakika kumi, na diwani anajibu kwa simu akiwa kwenye gari. Mama ntilie gani ana nafasi ya kupiga simu saa nne asubuhi?

Najua redio inahitaji umeme, na watangazaji wanahitaji posho. Sikatai tangazo. Lakini leseni ya redio jamii haitolewi kama leseni ya redio ya biashara. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, wanazitofautisha kwa makusudi, moja ni ya kutafuta faida, nyingine ni ya kuwahudumia watu wa eneo lake bila kutafuta faida. Ukiichukua ya pili halafu ukauza saa bora ya usiku kwa kamari, umechukua kiti cha watu. Wangeomba ya biashara tangu mwanzo nisingeandika uzi huu.

Kuna na hili la watangazaji wapya, na hapa silaumu umri wao, nalaumu waliowaweka bila kuwafundisha. Siku ya Mei Mosi mmoja alisema magofu ya Tongoni yalijengwa na Wareno. Tongoni iko hapo kusini, kilomita 17 tu, daladala zinapita! Ule ni msikiti, una kibla, na makaburi yake ya nguzo ni ya Waswahili wenyewe, ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama na watu wake walipopita pwani hii mwaka 1498 na 1499 waliukuta mji una wenyewe. Walichofanya ni kuichoma meli yao moja, São Rafael, karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha zote tatu. Mzee mmoja wa Tongoni alikuwa ameyaeleza haya kwa nusu saa nzima kwenye kipindi kile. Laiti kingekuwepo, yule kijana angekisikiliza dakika kumi kabla ya kufungua mdomo. Wiki mbili baadaye huyo huyo akasema Shaaban Robert ni mtu wa Unguja. Mtu aliyezaliwa Vibambani, akazikwa Machui, mwendo wa baiskeli kutoka studio!

Sasa hivi mji unabadilika kuliko wakati wowote niliouona. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia Chongoleani. Bandari imepanuliwa. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na hadi leo kuna vikundi havijui vianzie dirisha gani. Wavuvi wa Chongoleani wana maswali yao. Haya yanazungumzwa wapi kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, usiku watu wakiwa wametulia? Kwenye makundi ya simu, ambako mwenye bando ndiye anayesikika na uongo unapita ukweli kwa mbio. Mama yangu hana simu ya kugusa. Ana redio ya betri, ameining'iniza jikoni, na tangu siku tulipotoka pale kituoni hajaiwasha.

Ninachotaka nimeshakiandika kwenye barua na nimeipeleka kwa mkono, wameipokea na kugonga muhuri. Saa ya Alhamisi irudishwe. Bodi ya kituo, maana redio jamii ina bodi na wajumbe wake tunaishi nao, iitishe kikao cha wasikilizaji na itueleze nani aliamuru kufuta. Na wazee waliobaki warekodiwe upya, nakala zikae sehemu mbili, moja nje ya kituo. Yule fundi wa reli bado yuko hai. Yule bibi wa Chumbageni hayupo. Nikipata jibu nitaleta mrejesho hapa, na nisipopata nitaleta pia.

Ombi langu kwenu ni moja. Kuna watu walikuwa wanarekodi kipindi kile kwa simu na kutumiana, najua, maana hata mimi nilishawahi kutumiwa kipande cha ule ubishi wa jina la Tanga. Kama unacho chochote cha mwaka 2019, hata dakika mbili, hata kama jogoo au pikipiki inasikika nyuma, tafadhali usikifute. Nitumie ujumbe wa faragha humu humu, nitakuja na flashi yangu popote ulipo, kuanzia Mwambani hadi Amboni, hata Korogwe nitafika. Cha babu utakitambua kwa urahisi, ni mzee anayeongea polepole kwa lafudhi ya kusini, na katikati anaiga mngurumo wa korona.