Mpira wangu wa ndani una vigamba vya kahawia na sakafu inanata, nifanyeje?

BintiVikokotoni
Assalaam aleikum jamani. Nna mpira wa pambo, ule wenye majani mapana yanang'aa, nimeuweka ukumbini pembeni ya dirisha na mashaallah kila mgeni akija anauulizia. Sasa siku hizi chini ya jani kwenye ule mshipa wa kati kuna vigamba vya kahawia, havizidi punje ya ufuta, mwanzo nilijua uchafu nikawa nafuta na kitambaa havitoki, mpaka ukwangue na ukucha ndo kinabanduka na kutoa majimaji. Sakafu inanata na majani ya chini yamefanya weusi. Jirani kasema nipulize dawa ya mbu, mie naogopa maana nna mtoto anatambaa na paka analala papo hapo.

shamba_wete
Wa aleikum salaam bibiye. Hao ni wadudu magamba. Mdudu yumo ndani ya hicho kigamba, keshachomeka mdomo anafyonza utomvu na hahami tena. Kinachonata ni kinyesi chake, sukari tupu hiyo, na weusi ni ukungu unaoota juu ya sukari. Wenyewe ukungu hauli jani, unaziba mwanga tu, wadudu wakiisha unaufuta na maji ya sabuni.
Tazama shinani kama kuna chungu wanapanda na kushuka. Wanawafuga hao kwa ajili ya sukari na wanawafukuzia maadui. Huku kwetu Pemba kwenye mikarafuu ni yale yale, maji moto, wale chungu wanaojenga viota vya majani, na magamba, kuna aina ya gamba mpaka imepewa jina la Zanzibar, Saissetia zanzibarensis, utafiti wake na maji moto umechapishwa tangu 1954. Ila maji moto msiwatukane sana, kwenye minazi wanatufaa, wanamfukuza yule mdudu anayeharibu nazi changa.

bi_vitalu
Shoga dawa ya mbu usiipulize, itakuunguzia majani bure na gamba wala halijali. Utenge kwanza mbali na mimea mingine. Chukua pamba, chovya kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, mguse mmoja mmoja kisha mbandue, jaribu jani moja kwanza usubiri kesho, na kama una majimbi ya pambo au mimea ya majani laini spiriti usiitie kabisa. Kwenye vikonyo tumia mswaki wa zamani. Baadae osha mmea mzima kwa maji yenye sabuni kidogo, au mafuta ya mwarubaini yaliyochanganywa na maji na sabuni, yanawaziba pumzi, fanya jioni sio juani, na chini ya jani ndo hasa.
Halafu watu wengi wanaacha hapa, wanaona pameshasafika. Mayai yapo chini ya gamba la mama, yakianguliwa vinatoka vidudu vya rangi ya manjano vinatembea, huwezi kuviona vizuri kwa macho, hivyo ndo vinakwenda kuanza upya jani jingine na hapo ndo sabuni inavipata kirahisi. Kwa hiyo rudia kila wiki, mwezi au zaidi.

Yakhe_Fuoni
Mnajitesa bure, kuna dawa ya kumwagia kwenye udongo mmea unainywa, mdudu akifyonza kwisha

bi_vitalu
Ipo, lakini nyumba ina mtoto anayetia kila kitu mdomoni! Na mtu asije akaimwagia ndimu au mrehani wake.

BintiVikokotoni
Chungu wapo kweli, weusi wadogo, wanatokea kwenye ufa wa dirisha. Nimesafisha jani zima jana usiku ila vigamba vingine vimebaki vimeganda, ndo havijafa?

shamba_wete
Gamba likifa halidondoki lenyewe. Likamue na ukucha, likiwa kavu limekufa, likitoa maji bado. Kuhusu chungu, weka kopo la mmea juu ya kigoda, kila mguu wa kigoda utie ndani ya kikopo cha maji, na majani yasiguse ukuta wala pazia maana watapita huko. Maji yatie sabuni yasije yakawa mazalio ya mbu.