Celica kwa barabara za Lubumbashi: injini ya 1ZZ au ya 2ZZ?

Kijana wa Bel-Air

Wandugu wa Lubumbashi na wa Katanga nzima, ninawasalimu. Nimeweka akiba ya kununua gari langu la kwanza la michezo, na baada ya kulinganisha bei za magari yaliyotumika Japani nimeamua kuchukua Toyota Celica ya kizazi cha mwisho, ile iliyotengenezwa tangu 1999 hadi 2006. Kinachonisumbua ni injini. Toleo la SS-I lina injini ya 1ZZ-FE ya nguvu za farasi 145, na toleo la SS-II lina 2ZZ-GE ya farasi 190, ingawa zote mbili ni za lita 1.8. Gari nitaliendesha kila siku kwenda kazini, na mwisho wa juma nitakwenda nalo Likasi kwa wazazi, kwenye lami yenye malori yanayofuatana kwa misururu. Tofauti ya bei naimudu. Je, hao farasi 45 wa ziada nitawapata kweli hapa kwetu?

Fundi wa Katuba

Mdogo wangu, kabla ya kuhesabu farasi, uliza wanapatikana kwenye mizunguko mingapi. Injini ya 1ZZ hufikia kilele cha nguvu yake ya kuvuta, takriban Nm (nyutoni-mita) 170, kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika. Ile ya 2ZZ hufikia Nm 180, tofauti ndogo sana, lakini kwenye 6,800. Siri yake ni kwamba kamshafti zake, yaani mihimili inayofungua valvu, zina meno ya aina mbili, na yale makubwa yanayofungua valvu zaidi hayaingii kazini mpaka mshale wa mizunguko ufike karibu 6,200. Chini ya hapo unaendesha injini ya kawaida ya lita 1.8. Ukitoka Bel-Air asubuhi kuelekea mjini hutagusa 6,200 hata mara moja.

Jambo la pili ni mwinuko. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa kama sehemu moja ya nane ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Farasi 190 watabaki kama 165, na 145 watabaki kama 127. Kisha kuna esansi (petroli): 2ZZ ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na ilitengenezewa esansi ya oktani ya juu, ilhali 1ZZ ina 10 kwa 1 na haichagui sana. Ukiitilia 2ZZ esansi hafifu, kompyuta yake huchelewesha cheche ili injini isigonge, yaani esansi isilipuke ovyo ndani ya silinda, na nguvu uliyoilipia inapungua tena.

Lakini linalonifanya nikushauri 1ZZ kwa moyo wote ni silinda. Kuta za silinda za 2ZZ hazina vikombe vya chuma. Ni alumini iliyochanganywa na nyuzi ngumu. Zikikwaruzika, gereji zetu haziwezi kuzichonga upya kama tunavyozoea, hivyo itakubidi utafute injini nzima. Injini ya 1ZZ, kwa upande wake, imo pia ndani ya Allion na RAV4 za 1.8, kwa hiyo vipuri vyake havikupi shida.

Mama wa Kasapa

Papa Fundi, ninakuheshimu, na kuhusu mjini umesema kweli tupu. Mimi naendesha SS-II ya gia za mkono, na kati ya Kasapa na mjini ningeweza kuwa na injini yoyote. Kuhusu njia ya Likasi siwezi kukubaliana nawe. Celica hizi za Japani zina usukani wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva aliye nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka arudi nyuma kidogo na kusogea kuelekea mstari wa kati. Kila anapolipita lori anaanza akiwa mbali na akiwa na mwendo mdogo. Hapo ndipo nguvu inapohitajika.

Lori likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, mimi hushusha hadi gia ya pili, na kabla ya kufika 80 mshale umeshapita 6,200, sauti ya injini inabadilika ghafla, na muda ninaokaa upande wa magari yanayokuja unafupika. Huo ndio usalama ninaoulipia. Isitoshe, hewa nyepesi uliyoitaja hupunguza pia hatari ya injini kugonga, kwa hiyo esansi yetu haiiumizi 2ZZ kama ambavyo ingeiumiza pwani, mradi mtu anunue stesheni na si kwenye madumu ya kando ya njia.

Fundi wa Katuba

Mama, kuhusu kuyapita malori nakubali, na sikuwa nimeufikiria usukani. Basi mdogo wangu, ukiitaka 2ZZ iwe ya gia sita za mkono. Ile ya otomatiki ina gia nne zilizoachana mno, na kila inapobadilisha injini huanguka chini ya 6,200. Usilipe kabla injini haijapata moto vizuri, kwa maana ikiwa baridi meno makubwa hayaingii kabisa, kisha upandishe mizunguko barabarani na usikilize. Sauti isipobadilika, huenda boliti za mhimili wa roka (vipande vinavyosukuma valvu) zimelika au kukatika, tatizo linalojulikana kwenye zile za miaka ya mwanzo. Boliti mpya si ghali.

Ukiamua 1ZZ, tafuta ya 2003 kwenda mbele. Pistoni za mwanzo zilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili, ambayo huziba, ringi zikanata, na injini ikaanza kula oili. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe injini ikiwa baridi, acha gari lingurume papo hapo kwa dakika chache, halafu mtu mwingine akanyage mafuta nawe ukiwa nyuma: moshi wa buluu ukitoka, liache gari hilo. Nambari ya chasisi nayo usiisahau, kwa sababu wauzaji hubandika nembo za SS-II hovyo: ZZT230 ni 1ZZ, ZZT231 ni 2ZZ.