Wamepiga rangi ya krimu juu ya mchoro wa ngazini chuoni kwetu Moshi, nani kawaruhusu??

Wakuu leo sina salamu ndefu. Jana nimeenda chuo kufuatilia transkripti, napanda ngazi za laibrari nakuta ukuta krimu tupu, ile krimu ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mchoro haupo!! Waliosoma pale mnaujua, wamama wamejitwisha mikungu ya ndizi, mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga, unashuka katikati ya migomba, mzee anamenya kahawa kwa mashine ya mkono, na Kibo kule juu. Walichora wanafunzi wenzetu wakati wa likizo, rangi ya mafuta tulichangishana buku buku.

Nikamuuliza mama wa usafi, shikamoo mama, hapa imekuwaje? Marahaba mwanangu, kuna mgeni alikuwa anakuja wakasema panaonekana pachafu. PACHAFU! Na mgeni mwenyewe ngazi hakupanda, kaishia ukumbini kaondoka.

Kinachonichoma zaidi fundi kapiga rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila hata kupitisha msasa, aliyewahi kushika brashi anajua hiyo haishiki, masika ikianza ukuta ukavuta unyevu inabanduka yote. Kona ya chini imeshaanza kuvimba, nikakwangua kwa kucha nikaona vidole vya mguu vya yule mama wa mbele. Nusura nilie aisee.

Na hapa ni kwao mchoraji Sam Ntiro jamani, mtu wa Machame hapo juu tu, mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaopeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku uko New York kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa, yaani Wamarekani wanatutunzia mbege yetu sisi mfongo wetu tunaumwagia ndoo mbili za krimu. Halafu juu yake wametundika benaa ya kukumbusha ada, tena imepinda.

Msiniambie ukuta ni wa chuo. Sawa ni wao, walishindwa hata kupiga picha kwanza? Nimeenda ofisi ya majengo nikajibiwa eti haukuwa kwenye orodha ya mali. Kiti kilichovunjika mguu kina namba ya chuo, mchoro wa ukuta mzima hauna!

Kuna yeyote alipiga picha ya mahafali pale ngazini? Itupie hapa, hata kama joho lako limeziba nusu.